Si Pombe, Ni Wewe Rahimu

Saada hakupiga magoti.

Najua wengi wenu mmeshinda wiki nzima na swali hilo, maana Jumamosi iliyopita niliwaacha pabaya. Saada amesimama barazani kwa mjomba wake huku Mtua, mkono wa kushoto umefungwa P.O.P. toka kiwiko hadi vidoleni, na Mjomba Shehe amemnyooshea kidole: "Piga magoti umwombe mumeo radhi!" Basi poeni. Hakupiga. Alisimama vile vile, akamtazama mjomba wake usoni.

Na huyo mume wa kuombwa radhi alikuwa wapi? Kwenye kiti! Rahimu, mchimba dhahabu wa Namungo kule Ruangwa, mtu aliyeuvunja mkono huo kwa mchi wa kinu, alikuwa amepewa kiti chenye mto. Amevaa shati lililopigwa pasi, macho ameyainamisha chini kama bwana harusi. Aliyevunja amekaa, aliyevunjwa amesimama. Ndicho walichokiita kikao cha suluhu, na kama damu haijakuchemka, msomaji, funga gazeti ukafungie vitumbua.

Hukumu ya Mjomba Shehe ilikuwa fupi. Saada ni mpika uraka, ile pombe ya mabibo ya korosho. Rahimu alikunywa uraka wa mkewe, akalewa, akampiga. Sasa nani mwenye kosa? Mpishi! Amwage pombe yake, apige magoti, halafu apande pikipiki aende na mumewe Namungo, wakaishi wote machimboni, mbali na ndoo za uraka.

Mbali na ndoo za uraka, na mbali na kila mtu anayeweza kumsikia akipiga kelele. Hilo la pili mjomba hakulitaja.

Ujue kwamba huku kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke, kwenye kiwanja cha mama wa mke, na mwanamke hang'olewi hapo bila ruhusa ya mjomba wake. Ndiyo maana Rahimu alikuwa mpole kiasi kile. Kati ya Saada na Namungo lilikuwa limebaki neno moja tu la mdomo wa Shehe. Pikipiki ilishaegeshwa nje, begi la Saada lilishafungwa nyuma kwa mpira, na dereva wake, Dickson, rafiki wa Rahimu wa huko huko machimboni, alikuwa amekaa ukingoni mwa baraza na jezi yake ya mpira, akichokonoa meno.

"Saada, nimesema," Shehe alirudia.

"Nimekusikia, mjomba."

"Basi unangoja nini?"

"Nina swali kwa mume wangu. Akinijibu, tutajua nani apige magoti."

Wazee wawili watatu wa ukoo walitazamana. Shehe alikunja uso. Alitaka jambo hili liishe kabla ya swala ya alasiri.

"Uliza. Upesi."

Sasa niwaambie kitu ambacho Saada hakuwa amemwambia mjomba wake wala mtu mwingine wa ukoo. Tangu ile Jumanne aliyopigwa, kulikuwa na jambo moja alilolijua. Alilinyamazia kwa sababu aliona hata akilisema, Rahimu atajibu tu kwamba alikunywa kilabuni, mambo yaishie hapo. Lakini leo Rahimu mwenyewe, kwa uroho wa kumtia mkewe hatiani, alikuwa amefungua kikao kwa kusema hakupita kilabuni. Saada alimsikia, akajua mlango wa kutorokea ameufunga mwenyewe.

"Rahimu, ile Jumanne ulipotoka Namungo, ulipitia kilabu gani?"

"Nimeshasema. Sikupitia popote." Rahimu aliwageukia wazee, sauti laini. "Wazee wangu, mimi ni mtu wa familia. Nilitoka machimboni moja kwa moja mpaka nyumbani. Nilichokunywa ni cha mke wangu."

"Hukunywa njiani?"

"Hata maji."

"Shemeji Dickson, kweli?"

Dickson alitoa kijiti mdomoni. "Kweli kabisa, shemeji. Mimi ndiye nilimbeba. Nimemshusha mlangoni kwako mtu mzima, tunacheka. Hata soda hatukugusa."

"Apa, Rahimu."

"Wallahi!" Aliinua kidole juu bila kufikiri. "Wallahi sikunywa kwingine."

"Ulikunywa kwenye ndoo gani?"

"Si ile ya bluu ya mlangoni! Kwani kuna nyingine? Saada, kila mtu anajua pombe yako ni kali. Ilinipanda kichwani, hata sijui nilifanya nini. Naamka asubuhi naambiwa mkono wako umevunjika. Nililia. Mjomba aliniona nikilia."

"Nilimuona," Shehe alisema kwa huruma. "Alilia kama mtoto."

Alilia! Saada naye alikuwa amelia, usiku kucha, kwenye sakafu ya jirani, mfupa umetoka mahali pake. Hayo machozi hakuna mzee aliyeyashuhudia.

"Mjomba," alisema, "wewe umekulia chini ya mikorosho. Uraka ukikamuliwa leo, unalewesha lini?"

"Maswali gani haya?"

"Nijibu tu, mjomba."

"Lazima ulale. Unakamua leo, unakunywa kesho. Ukiuacha mpaka kesho kutwa ndiyo unakuwa na nguvu."

"Na ukiunywa siku ile ile?"

"Hiyo si pombe. Hayo ni maji ya mabibo tu, hata watoto wanakunywa."

"Ile ndoo ya bluu niliikamua jioni ile ile," Saada alisema. "Rahimu anafika, povu lenyewe halijatulia. Haikuwa imelala hata kidogo. Mume wangu alikunywa maji ya mabibo, mjomba. Amenivunja mkono akiwa mzima kama wewe ulivyo hapo."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Hakuna mtu Mtua ambaye hakunywa maji hayo utotoni. Yanakwaruza koo na kutia nguo doa lisilotoka, basi. Hajazaliwa mtu wa kulewa kwa maji ya mabibo, na kila aliyekuwa pale barazani alilijua hilo tangu hajaota meno ya pili. Mzee mmoja aligeuza shingo pole pole akamtazama Rahimu kama anamwona mara ya kwanza.

Rahimu alitoka kitini. "Mwongo huyu! Kwake haikosi pombe iliyolala! Alichanganya!"

Na Shehe, badala ya kumkazia macho, aliikamata kauli hiyo kwa mikono miwili. "Hilo nalo ni kweli. Saada, kwako hakukosi uraka uliolala. Tutajuaje? Nani shahidi wako?"



Shahidi alikuwepo, tena hapo hapo, amekaa chini ya ngazi ya baraza amejitanda shuka. Shida, mke wa Masanja, wale wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka Usukumani, wakakaa kwanza kijiji cha Mkotokuyana kabla ya kusogea huku. Kwake ndiko Saada alikokimbilia usiku ule. Lakini Saada alikuwa amemwahidi Shida kwamba jambo la siku ile halitatoka kinywani mwake, na Saada si mtu wa kuvunja ahadi hata akiwa amevunjwa yeye.

"Mayo!" Shida alimaka kwa Kisukuma, akanyanyuka. "Shahidi ni mimi."

"Kaa chini, Shida," Saada alimnong'oneza. "Tulikubaliana."

"Tulikubaliana kabla hawajakuambia upige magoti."

Alipanda ngazi. Wazee walisogeza miguu yao kana kwamba amekuja na matope. Shida hakujali. Alisimama karibu na Saada, mwanamke mrefu, mikono mikubwa ya kukamulia maziwa.

"Ile Jumanne asubuhi ng'ombe wetu walimtoroka mchungaji," alisema. "Wakaingia kwa huyu. Wakala mabibo yote aliyookota, wakaangusha ndoo, uraka wote uliolala wakaunywa. Haukubaki hata wa kopo. Nimekuja mbio, namlilia asiseme kwa watu, maana hapa mkisikia ng'ombe wameingia shambani inakuwa vita. Huyu angeweza kutuchongea tukafukuzwa. Akaniambia nini? Akaniambia, basi nisaidie tuokote mengine tukamue upya. Tukaokota, tukatwanga, tukakamua. Ndoo ya bluu nimeikamua mimi, kwa mikono hii hapa. Nimeonja. Tamu! Pombe iliyolala ilikuwa tumboni mwa ng'ombe."

Shehe alisimama wima.

Mishipa ya shingo ilimtoka, akainua fimbo yake. Hatimaye, Saada aliwaza. Hatimaye mjomba wangu amekasirika.

"Kumbe ni ng'ombe wenu!" Shehe alibwata. "Ndio waliovunja matawi ya mikorosho yangu kule bondeni! Nyinyi watu mmekuja kutuua kwa njaa! Masanja yuko wapi? Aitwe hapa! Aitwe sasa hivi!"

Mnaona? Mnaona jamani? Kwa mkono wa mpwa wake aliongea ameegemea, tasbihi inazunguka vidoleni, sauti ya mtu anayeagiza chai. Kwa matawi ya mikorosho akasimama. Na wale wazee wengine nao wakachangamka, huyu anadai miche yake, yule ufuta wake, kikao cha Saada kikawa kikao cha ng'ombe mbele ya macho yake. Nimeandika hadithi hii wiki nyingi, lakini hapa nilivunja kalamu.

"Mjomba!" Saada alipiga kelele ambayo hakujua anayo. "Mfupa wangu umevunjika, hukusimama. Hospitali uliniagiza niseme nimeanguka kwenye mkorosho, nikasema, nikamdanganya daktari kwa ajili ya heshima yako. Hukusimama. Leo umesikia matawi, umesimama!"

"Saada, angalia mdomo wako."

"Mdomo ndio uliobaki mzima! Hao ng'ombe mnaowatukana walikunywa uraka wangu wote, mjomba. Uliolala, wenye nguvu. Walilewa chakari, wakaanguka nyuma ya nyumba yangu wakalala mpaka mchana. Kundi zima! Umesikia ng'ombe hata mmoja amempiga mke wa mtu?"

Mzee mmoja alipasuka kicheko, akakigeuza kikohozi. Dickson alijiziba uso kwa jezi. Rahimu aliona baraza inamponyoka, jasho likaanza kuliharibu lile shati la pasi.

"Sawa. Sawa, wazee wangu, niseme ukweli," alisema, mikono mbele. "Haikuwa pombe. Nilivuta. Machimboni kule mnajua wenyewe maisha yalivyo. Nilivuta bangi ya Dickson."

"Oyaa!" Dickson aliruka kama aliyekanyaga moto. "Usinitie humo! Bangi gani? Mimi nina leseni! Nimesema hapa mbele ya wazee tumekuja wazima!"

"Ulinipa, usikatae."

"Nilikupa nini? Nilikupa lifti! Wazee, mimi naondoka, mambo ya watu na wake zao hayanihusu."

"Basi ni jini," Rahimu alisema haraka. "Kuna kitu kinanipanda, muulizeni hata mama. Kikinipanda sijitambui."

Hapo hesabuni wenyewe. Kwanza pombe, ikafuata bangi, sasa jini. Mwanamume mmoja ana mawakili watatu, na hakuna hata mmoja anayeweza kuitwa kikaoni akahojiwa.

Hasira ilikuwa imemtuliza Saada. Alisogea mbele ya kile kiti chenye mto, akawageukia wazee, akampa Rahimu mgongo.

"Sasa nisikilizeni, niwaambie ilivyokuwa. Alifika mzima. Tukaongea. Akaniambia nihame niende Namungo, nikamjibu sihami, hapa ni kwa mama yangu. Akanyamaza. Akainuka, akaenda kwenye ndoo, akachota kopo akanywa. Ananitazama. Akachota lingine, akanywa, bado ananitazama. Mimi nashangaa, kiu gani hii? Halafu akaanza kuyumba. Kwa maji ya mabibo! Nikajua ananifanyia mzaha, nikacheka. Wallahi nilicheka, jamani. Ndipo akachukua mchi."



"Alikuwa anaamini anakunywa pombe," Saada aliendelea. "Alikunywa kwanza ili akinipiga apate la kuwaambia nyinyi. Na amelipata! Mngempa ruhusa leo kama si ng'ombe!"

"Pombe inaharibu watu, Saada," mzee mmoja alijaribu. "Na wewe unaipika."

"Naipika. Naijua kuliko wote mliokaa hapa, na nimeona wanaume wangapi wanatoka kwangu wamelewa, kesho yake nakutana na wake zao kisimani nyuso zimevimba. Nikawa najifanya sioni. Hilo ni langu, nitalijibu mimi, na ndoo zangu nitazivunja mwenyewe bila kuagizwa. Pombe inamtoa mtu aibu. Lakini mkono ni wake! Huyu amelewa Namungo mara ngapi? Mbona hajawahi kumpiga mwenye shimo? Akilewa anaikumbuka njia ya nyumbani. Anakukumbuka wewe mjomba, anakuamkia shikamoo huku anapepesuka. Akilewa namna gani, mtu anayemsahau ni mimi peke yangu?"

"Nimechoka!" Rahimu alisema.

Sauti ya bwana harusi ilikuwa imekwisha. Alikisukuma kiti nyuma kwa teke, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Saada akamwona mume wake halisi mbele za watu, kwenye mwanga wa jua.

"Ee, nilikuwa mzima! Sasa? Ni mke wangu. Nimemwambia twende, amekataa, na amenicheka usoni. Kuna mwanamume hapa angekubali kuchekwa? Semeni!" Alimgeukia Shehe. "Mjomba, toa ruhusa yangu tuondoke. Jua linakwenda."

Saada alimtazama mjomba wake. Sasa hapakuwa na pombe ya kujifichia nyuma yake, wala bangi, wala jini. Mtu amesimama hapo amekiri kwa mdomo wake. Angalau sasa, mjomba. Angalau sasa.

Shehe alikaa. Aliokota tasbihi yake iliyoanguka alipokuwa anagombana na ng'ombe. Alizungusha punje moja, mbili.

"Rahimu amekosa," alisema pole pole. "Nimesikia, amekosa. Lakini ndoa ni kuvumiliana. Ujana una moto wake. Hata mimi mnanijua nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikunywa, nikakosea ndani ya nyumba yangu, kila mtu hapa anajua. Nikaacha pombe, Mungu akanisimamisha, leo mnaniita kwenye vikao. Na huyu ataacha. Saada, mwanangu, nenda naye."

"Ataacha nini, mjomba?" Saada aliuliza, machozi ya hasira yakimchoma. "Ataacha maji ya mabibo?"

Hakujibiwa na mjomba. Kilichojibu ni ungo wa kisamvu uliotupwa chini.

Bi Mwanaima, mke wa Shehe, alikuwa amekaa kizingitini tangu kikao kianze, anachambua mboga ya jioni, na hakuna aliyemuuliza lolote, kama ilivyo kawaida. Ni mama wa watu, mdogo wa umbo, jicho lake la kulia jeupe, halioni. Watu wa Mtua wote wanaijua habari ya jicho hilo. Shehe, enzi za ujana, alirudi kutoka ngomani amelewa, akamrushia bakuli. Alipozinduka akajuta, akaacha pombe, akashika msikiti. Habari hiyo husimuliwa harusini kuwafunza vijana, na inasimuliwa kama habari njema.

Bi Mwanaima alisimama katikati ya majani ya kisamvu.

"Shehe," alisema, "nnakuuliza. Siku ile ulikuwa umelewa?"

"Mama Saidi, rudi ndani. Tuko kwenye kikao."

"Baraza hii unayohukumia ni ya mama yangu, sirudi popote. Nnakuuliza jicho langu. Hukutoka ngomani siku ile. Ulitoka shamba. Ulinisogelea hapa," akaonyesha kwa kiganja, karibu na pua, "ulinuka jasho na udongo. Pombe sikuinusa. Kesho yake nikasikia watu wanasema ulikuwa umelewa, wewe mwenyewe ndiye uliyewaambia, na mimi nikaitikia, maana nilikuwa mtoto, nikadhani pua yangu ndiyo mbovu. Nimeitikia mpaka nimezeeka, Shehe. Wajukuu wangu wanahadithiwa jinsi pombe ilivyomtoa bibi yao jicho. Leo nimemsikia huyu mtoto. Basi nijibu na mimi, kabla hujampeleka Namungo. Ulikuwa umelewa?"

Tasbihi ilikuwa imesimama.

Shehe alifungua mdomo, akaufunga. Alitafuta neno, na wote walimwona akilitafuta. Bi Mwanaima alimngojea kwa lile jicho moja lililobaki, na kadiri alivyongoja ndivyo uso wake ulivyokuwa unabadilika, mpaka ikawa hakuna tena haja ya jibu.

Aliyevunja kimya ni Rahimu. Alicheka. Wasomaji wangu, alicheka!

"Mzee, usihangaike kujieleza," alisema, akimpiga Shehe begani kama mwenzake wa shimoni. "Wanawake hawa hawatuelewi. Sisi tunaelewana."

Saada aliliona bega la mjomba wake likishtuka chini ya mkono ule. Lakini mjomba hakuuondoa mkono huo.

Bi Mwanaima alikung'uta majani kwenye kanga yake, akaikaza kiunoni, akajitanda ya pili kichwani.

"Saada, lile dawati la polisi pale Nachingwea mjini, la mambo haya yetu. Kesi za zamani wanapokea?"

"Sijui, mama," Saada alisema. Alikuwa analia na hakujificha. "Tutawauliza."

"Basi twende tukawaulize. Na safari hii hujaanguka kwenye mkorosho."

Shida alimshika Bi Mwanaima mkono wa kulia, Saada akamshika wa kushoto kwa mkono wake mzima, wakaelekea ngazi.

Hawakufika.

Shehe alikuwa ameinuka. Alipita mbele yao kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia kwa umri wake, akasimama kwenye ngazi ya juu, fimbo ameilaza mbele yake kuziba njia, uso umemkauka. Rahimu alipoona hivyo aliacha kucheka, akaja akasimama ubavuni mwake, akaukunja mkono wa shati. Wanaume wawili, mchana kweupe, na hakuna kati yao aliyekunywa hata tone.